Ukiitwa ghafla "useme neno": pangilia hotuba kabla hujashika maiki

Nashereheshea harusi na sendofu hapa Dar. Wanaoboa ukumbi si wenye aibu. Ni wale wanaoanza kuongea bila kujua watamalizia wapi.

Hatua ya 1. Tafuta sentensi ya mwisho. Ukisikia jina lako, acha kuwaza utaanzaje. Tuseme wewe ni baba mdogo wa bibi harusi, na unataka kumalizia hivi: "Mkwe, huyu mtoto hatukumlea kwa fimbo, usije ukamwanzishia wewe." Umeshaipata hotuba. Kilichobaki ni njia ya kuifikia.

Hatua ya 2. Inuka taratibu, hesabu vidole vitatu: jana, leo, kesho. Jana ndiyo yenye uzito, na hapo wengi huteleza kwa kusema "tangu utotoni alikuwa mtiifu". Kila bibi harusi alikuwa mtiifu! Toa kisa kimoja ulichokiona kwa macho yako: darasa la tano alificha paka mgonjwa kwenye begi la shule, na mama yake, badala ya kumchapa, akamchemshia paka maziwa. Unaona kisa kinavyoelekea kwenye fimbo? Leo ni shukrani, maneno machache. Kesho ni ile sentensi yako.

Hatua ya 3. Itifaki. Salamu moja, kisha "itifaki imezingatiwa", basi. Kamati nimeshaitaja mimi, tena mara mbili.

Hatua ya 4. Ukipewa taarifa mapema, andika kila wazo kwenye kikaratasi chake, vitandaze mkekani, uvipange upya mpaka vifuatane. Kisichoelekea kwenye sentensi ya mwisho kitoe, hata kama kinachekesha (hapa ndipo roho inauma). Kama mambo ni mengi, yatafutie picha moja ya kuyabeba. Mwalimu Nyerere, mwaka 1995, aliifananisha nchi na nyumba iliyopata nyufa. Muungano, rushwa, udini na ukabila, kila kimoja kikawa ufa wake. Msikilizaji hakuhitaji kukariri orodha, alikuwa anatazama ukuta.

Hatua ya 5. Ukishaitamka sentensi ya mwisho, rudisha maiki. "Lakini kabla sijakaa..." ikikujia mdomoni, imeze. Dijei ameshaweka kidole kwenye kitufe.