Mwanamke peke yako Guangzhou: hatua ninazofuata kila safari

Nauza viatu na mikoba ya kike Kariakoo, na Guangzhou, kule China, naenda mara mbili kwa mwaka kununua mzigo, peke yangu. Kila nikirudi kuna dada ananipigia: "Nataka kwenda, ila naogopa, sina mwenyeji." Huwa namjibu kwamba mwenyeji si lazima, na mara nyingine mwenyeji mwenyewe ndiye shida.

Mitaa ya Guangzhou imetulia. Saa nne usiku utaona wasichana wanatembea simu ikiwa mkononi, na kamera ziko kila kona. Mwanamke mgeni anaingia matatani kwa njia nyingine: pasipoti yake iko kwa mtu, hela yake iko kwa mtu, na njia ya kurudi anakolala anaijua mtu. Siku huyo mtu akigeuka, huna pa kushika. Ninayokuandikia hapa yote ni ya kuhakikisha vitu hivyo vitatu vinabaki kwako.

Hatua ya 1: Andaa simu ukiwa bado nyumbani

Anza wiki mbili kabla. Kule simu ndiyo pochi, ndiyo ramani, ndiyo mkalimani, kwa hiyo usiache kazi hii hadi uwanja wa ndege.

Pakua Alipay na WeChat, programu za Wachina za kulipia kwa simu, jisajili kwa pasipoti, unganisha kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard. Pita benki uwaombe waifungue kwa malipo ya intaneti na ya nje ya nchi. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya kadi ya nje. Yakizidi hapo wanakata asilimia 3. WeChat inaweza kukudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishie kwa kuskani msimbo. Kariakoo watu hao wamejaa, muombe mmoja. Ukingoja ufike kule, ujumbe wa kuthibitisha unaweza kwenda kwenye laini uliyoizima na ukakwama.

Laini ya China haifungui WhatsApp, Google wala Instagram. Laini yako ya nyumbani ikiwa kwenye roming inafungua. Mimi hubeba zote mbili: ya China kwa ramani na teksi, ya nyumbani kwa kuongea na familia. Ramani ya Google usiitegemee, tumia Amap. Pakua pia Kichina kwenye programu ya tafsiri ili kifanye kazi bila bando.

Halafu fanya kama vile simu hiyo itazima. Kwenye karatasi ngumu andika jina na anwani ya hoteli kwa Kichina, namba ya mtu wako wa nyumbani, namba ya ubalozi. Ikunje na yuan 500 taslimu, noti ndogondogo, uiweke mahali tofauti na mkoba. Karatasi yangu hukaa ndani ya soksi. Niliwahi kuihitaji mara moja tu, betri ilipokata roho jioni ya mvua, na siku hiyo ilikuwa na thamani kuliko simu yenyewe.

Hatua ya 2: Lala hotelini, usilale kwa mtu

Hapa wengi watabisha kwa sababu ya gharama. Chumba cha mwenyeji ni rahisi na kuna ugali. Sawa, lakini sikiliza sheria: mgeni akilala nje ya hoteli, yeye au mwenye nyumba lazima wakaandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakuandikisha yenyewe pale mapokezi. Kwenye nyumba ya mtu unamtegemea mwenyeji akupeleke kituoni, na wapo wasiopeleka kwa sababu vibali vyao wenyewe vina walakini. Polisi wakigonga, wewe ndiye huna karatasi.

Safari yangu ya kwanza nililala hivyo. Mwenyeji aliniambia, "Nipe pasipoti dada, nikakuandikishe." Ilikaa kwake siku tatu. Kila nilipouliza, iko njiani, iko kwa rafiki, na katikati ya hizo siku zikaanza habari za kumkopesha hela. Niliipata baada ya kumwambia mbele ya watu kwamba kesho yake nakwenda ubalozini. Tangu hapo pasipoti haijawahi kulala nje ya mkono wangu. Mapokezi ya hoteli wanaiskani ukiwa umesimama palepale na kukurudishia. Anayetaka kuondoka nayo, mkatalie.

Tafuta hoteli karibu na stesheni ya metro, na kabla ya kulipa waandikie kuuliza kama wanapokea wageni wa nje, kwa sababu ndogo nyingine hukataa. Wafanyabiashara wa Kiafrika wengi wanafikia Xiaobei au Sanyuanli. Maeneo hayo yana chakula cha kwetu na mawakala wa mizigo, na polisi hupita kukagua pasipoti. Sheria ya China inamtaka mgeni mwenye miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti, basi tembea nayo yenyewe, si kopi. Na siku za viza zihesabu mapema: ukizidisha, faini ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au rumande.

Hatua ya 3: Kutoka uwanjani

Chagua ndege inayotua mchana. Ukitoka tu mlangoni Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, utakutana na wanaume wanaonong'ona "taksi, taksi". Hao wapite. Njia ni tatu: metro (laini ya 3 inaingia mjini); foleni rasmi ya teksi, ambako dereva anawasha mita; au DiDi, teksi ya kuita kwa simu, unayoweza kuiita ndani ya Alipay.

Kwenye DiDi nakaa kidogo, maana ndipo mwanamke anapojifungia na mtu asiyemjua. Gari likisimama, usikimbilie mlango. Soma kibao cha namba. Cha Guangzhou kinaanza na alama moja ya Kichina, ile ya mkoa wa Guangdong, kisha A, kisha herufi na tarakimu; za magari ya umeme ni za kijani. Linganisha kibao chote na kilichoko kwenye simu, usiishie kwenye rangi ya gari. Kisha mtazame dereva na picha yake. Mwezi wa Mei 2018, katika mji wa Zhengzhou, abiria mwanamke aliuawa na dereva aliyekuwa akitumia akaunti ya baba yake kwenye huduma ya DiDi ya kuchangia safari, na Agosti mwaka huohuo mwanamke mwingine akauawa kwenye huduma hiyohiyo. Kampuni ikaisimamisha huduma ile na kuongeza vitu vya usalama kwenye programu. Sura na picha visipofanana, ghairi safari, hata kama mvua inanyesha.

Dereva naye atakuuliza tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu. Ngoja aulize, umtajie kwa vidole. Kaa nyuma, mtumie mtu wa nyumbani kiungo cha safari, na fungua ramani yako uone gari linakoelekea. Sioni haya kufanya hivyo, na hakuna dereva aliyewahi kukasirika.

Hatua ya 4: Chumbani

Omba chumba kisicho cha chini na kisicho mwisho wa korido. Funga komeo la ndani na mnyororo. Mimi hubeba kabari ya mpira ya kuzuia mlango, ile ya kuchomeka chini. Duka la vyombo lolote wanayo. Ichomeke, kisha vuta mlango kwa ndani uone kama inashika, kwa sababu kwenye marumaru inateleza. Weka kitambaa kibichi chini yake.

Mtu akigonga usiku akidai ni huduma, usifungue hata kidogo. Piga mapokezi uulize kama wamemtuma. Namba ya chumba usiitaje kwa sauti kwenye lifti, wala kwa Mswahili mwenzako uliyekutana naye jana.

Hatua ya 5: Siku ya machimbo, yaani kusaka bidhaa

Kwenye masoko yenyewe, Baima pale jirani na stesheni ya reli, viatu vya Zhanxi, mikoba ya Sanyuanli, tatizo ni msongamano. Mkoba mbele, simu usiiweke mfuko wa nyuma. Watu watakukodolea macho, wengine watataka kugusa nywele au kupiga picha na wewe. Wengi hawana ubaya. Usipotaka, nyoosha kiganja useme "bu yao", sitaki, na uendelee na safari.

Jambo lililonitisha kuliko wezi ni pikipiki za umeme. Hazina mlio, zinapanda hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, na hubeba marobota. Usigeuke ghafla, usirudi nyuma ukipiga picha. Nimemshuhudia mama mmoja wa Kikongo akigongwa kifundo cha mguu mbele ya duka na safari yake ikaishia hapo.

Hela taslimu ina mchezo wake. Unatoa noti ya 100, muuzaji anaigeuza, anakurudishia akisema ni bandia, na uliyorudishiwa siyo uliyotoa. Kabla ya kutoa noti kubwa soma kwa sauti tarakimu za mwisho za namba yake, hata kwa Kiswahili. Anaona kwamba umezitazama. Usichenji hela mtaani kwa mtu anayekuita pembeni. Hiyo haina mjadala.

Kisha kuna mwaliko wa kiwandani. Muuzaji anasema viatu vinatengenezwa Foshan, mji wa jirani, twende na gari langu. Biashara nzuri nyingi zinaanzia hapo, kwa hiyo sikwambii ukatae. Omba anwani kwa Kichina, itume nyumbani kabla hujaondoka. Nenda asubuhi. Mwambie aje na dada anayeuza dukani kwake. Wengi wanakubali bila shida, na asiyekubali amekwisha kukuonyesha jambo. Foshan ina metro kutoka Guangzhou tangu 2010, basi unaweza kwenda mwenyewe akakupokea stesheni. Chakula cha jioni kikija na pombe ya baijiu na kelele za "ganbei", yaani maliza glasi, sema unatumia dawa, ushike kikombe cha chai. Nimefanya hivyo mara nyingi na oda zangu hazikupungua.

Hatua ya 6: Jioni na usiku

Metro inafungwa karibu na saa tano usiku, kwa hiyo saa tatu mimi niko ndani. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Nikimwandikia dada yangu "nimeingia" saa tatu usiku, kwake ni saa kumi jioni na yuko macho. Tumekubaliana: ikipita saa moja bila ujumbe, ananipigia, nisipopokea, anapiga hotelini. Namba ya hoteli anayo, ya chumba pia. Mpe kazi hiyo mtu mmoja tu anayejulikana. Ukiandika kwenye kundi la ukoo kila mmoja atadhani mwenzake amefuatilia.

Laini ya 1 ya metro ina behewa la kipaumbele kwa wanawake saa za msongamano siku za kazi. Wanaume nao hupanda, lakini mimi huliendea.

Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Uhamiaji wana namba 12367, inajibiwa kwa Kichina na Kiingereza usiku na mchana. Ukishikwa mkono au kufuatwa, ingia dukani kwenye mwanga, sema "bao jing", yaani naita polisi. Ukipiga kelele ya kuomba msaada ni "jiu ming". Jifunze maneno haya kwa sauti kabla ya kusafiri. Mdomo usiozoea hukauka. Tanzania na Uganda zina ubalozi mdogo Guangzhou kwenyewe, Kenya ina ubalozi Beijing. Pasipoti ikipotea, ripoti polisi kwanza upate karatasi, ndipo uende ubalozini.

Hatua ya 8: Siku ya kurudi

Funga begi lako mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na lisitoke machoni hadi kaunta. Kwenye foleni atatokea mtu mpole, mara nyingi mwanamke mwenzako, anakuita dada, kilo zake zimezidi, anaomba umbebee mfuko mmoja. Kwenda ni vivyo hivyo: jirani anakupa kifurushi cha "dawa za mgonjwa". Sheria ya China inasema anayesafirisha heroini kuanzia gramu 50 anakabiliwa na miaka 15, maisha au kifo, na mahakama inaanza na begi lililokutwa mkononi mwako. Hata mirungi, ambayo kwa wengine ni kitu cha kijiweni, China imeiorodhesha kama dawa ya kulevya tangu 2014.

Mjibu kwa upole: "Samahani dada, sibebi." Usieleze sababu, kwa sababu kila sababu ina jibu lake na huyo amejiandaa nalo. Akisisitiza, mwite mfanyakazi wa kaunta. Kisha sukuma troli yako mbele.