Jinsi ya kujenga Caterham Seven mwenyewe gereji, kuanzia maboksi mpaka namba

Hii ni kwa wale mlioko Uingereza, mna gereji hata ya gari moja tu na mmekuwa mkiliangalia lile gari dogo lisilo na milango mkidhani ni la watu fulani. Caterham Seven unaweza kulinunua limekamilika, lakini unaweza pia kulinunua kwa vipande, unaletewa mpaka nyumbani chasisi pamoja na maboksi, halafu unalifunga mwenyewe. Hesabu inayotajwa sana ni kama masaa 80 mpaka 100 ya kazi, yaani wikiendi zako za miezi kadhaa, na huhitaji kuwa fundi wa kusomea. Unahitaji kujua kushika spana, kusoma maelekezo bila haraka, na kuwa na mtu mmoja wa kukusaidia siku mbili tatu muhimu.

Ujue kwanza unachokijenga maana itakusaidia kufanya maamuzi. Gari hili lilianza 1957 kama Lotus Seven, kazi ya Colin Chapman, mtu ambaye imani yake yote ilikuwa kwenye uzito, badala ya kutafuta injini kubwa unaondoa kila kisicho na kazi mpaka injini ndogo inatosha na kubaki. Enzi zile gari lililokamilika lilikuwa na kodi ya mauzo ila vipande havikuwa nayo, ndo maana watu wengi wakawa wanajifungia wenyewe. 1973 ikaingia VAT ule unafuu ukafa, na mwaka huohuo Lotus wakaachana na Seven, haki za kuliunda akazichukua Graham Nearn aliyekuwa anayauza magari hayo pale mji wa Caterham, Surrey. Alianza na toleo la nne lenye bodi ya faiba, 1974 akarudi kwenye toleo la tatu la alumini, na umbo hilo ndo unaloliona mpaka leo. Siku hizi kiwanda kiko Dartford, Kent, na tangu 2021 kampuni iko chini ya VT Holdings ya Japani. Kodi haipo tena kwenye hesabu lakini watu bado wanajenga, na mimi naona sababu iko wazi, gari ulilolifunga mwenyewe unalijua mpaka bolti ya mwisho, ukisikia mlio wowote barabarani unajua unatokea wapi.

Sasa kuchagua. Kuna chasisi mbili, S3 ambayo ni nyembamba na SV ambayo imeongezwa upana milimita 110, na hapa usichague kwa picha, nenda ukakae ndani na viatu utakavyoendeshea. Sehemu ya miguu ya S3 ni finyu sana, buti pana litagusa klachi na breki kwa pamoja, na ukiwa mrefu au una mwili mkubwa basi SV ni yako, hakuna ubishi. Kwenye injini usikimbilie namba kubwa. Toleo linaloitwa 170 lina injini ya Suzuki ya cc 660 yenye turbo, nguvu za farasi 84 tu, lakini gari zima lina kilo 440, na barabara ndogo za vijijini linafurahisha kupita maelezo. 360 ilikuja na injini ya Ford Duratec ya lita 2 yenye farasi 180 kwenye gari lisilofika kilo 600, hapo unazungumzia zaidi ya farasi 300 kwa kila tani. 420 ina farasi 210. Kwa mtu anayejenga la kwanza ningesema nguvu kama za 360, na hela inayobaki weka kwenye sasipensheni, viti na mafunzo ya kuendesha.

Nafasi sio tatizo kubwa maana S3 ina urefu wa mita 3.1 tu. Vifaa: seti nzuri ya spana na soketi za milimita, toki renchi mbili (spana za kupima nguvu ya kukaza, ndogo na kubwa), stendi nne imara, jeki ya magurudumu, bunduki ya riveti, nyundo ya mpira, gundi ya kukazia nati, grisi ya shaba, na winchi ya injini ambayo usinunue, kodi kwa wikiendi moja. Ongeza karatasi teipu nyingi na mablanketi ya zamani. Haya ya mwisho watu wanayadharau halafu wanalia, kwa sababu alumini ya pembeni ni laini sana na spana ikiteleza mara moja tu imeacha alama, kwa hiyo kabla ya kufungua boksi la kwanza bandika teipu kuzunguka kila tundu kwenye bodi, hasa pale ekzosi inapotokea na pale mikono ya sasipensheni ya mbele inapoingilia.

Siku maboksi yanafika usifunge kitu. Kaa chini na ile orodha, hesabu kila kitu, kisichokuwepo piga simu siku hiyohiyo, na bolti zote zipange kwenye vikopo kwa urefu na kipenyo maana zipo zinazofanana kabisa ila moja imezidi milimita tano na ukiiweka sipo utakwama kesho yake. Chasisi inakuja na wayaringi na bomba nyingi za breki na mafuta zikiwa tayari zimepitishwa, hiyo imepunguza kazi sana.

Anza mbele. Raki ya steringi, halafu wishboni (ile mikono ya sasipensheni) za chini, za juu, shokapu, kisha habu (kitovu cha gurudumu) na breki zake. Wishboni za chini zinabana kwenye chasisi na zinataka washa za kujazia pande zote, usizilazimishe kwa nyundo, sogeza, jaribu washa nyingine, utapata. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaelewi: bolti zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze za mwisho gari likiwa kwenye stendi. Zikaze kwa mkono tu, gari likishashuka na kubeba uzito wake ndo unakuja na toki renchi, ukikaza gari likiwa bado juu bushi itakuwa imejikunja muda wote gari likiwa chini na haitadumu.

Kila bolti uliyoikaza kwa kipimo cha kitabu weka alama ya kalamu ya rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Kila moja. Usitegemee kumbukumbu, maana utaacha kazi Jumapili jioni utarudi Jumamosi inayofuata na utasimama pale ukijiuliza ile ya kushoto ilikazwa au ilishikizwa tu.

Injini inaingia mapema, kabla ya difu (boksi la gia za nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu) na kabla ya rejeta. Unaiunganisha na gia boksi ikiwa nje, unafunga maunti zake, halafu vyote vinaning'inia kwenye winchi na kuingia kwa pamoja vikiwa vimeinama, mkia wa gia boksi chini ukitangulia ndani ya handaki la katikati. Kodi na kile kifaa cha kubadilisha mwinamo wa injini ikiwa juu, bila hicho utateseka. Hii ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye winchi mwingine anaangalia nafasi, na nafasi yenyewe ni ya vidole, kwa hiyo funika kila kona ya chasisi kwa blanketi na shusheni kidogo kidogo. Sababu ya kuacha difu mpaka baadaye ni kwamba nyuma inabaki wazi na unapitisha propela shafti (ile inayounganisha gia boksi na difu) kutoka huko mpaka inaingia kwenye gia boksi bila vita.

Kisha difu, na niseme ukweli hii ndo siku ngumu kuliko zote. Ni zito, linakaa sehemu mbaya nyuma ya viti, na linatakiwa likae katikati kabisa kwa kutumia washa za kujazia huku na huku, halafu bolti ndefu ipite moja kwa moja. Utalinyanyua kwa jeki, utapima kushoto na kulia, utakuta limeegemea upande, utalishusha, utabadilisha washa, utarudia. Usikubali kuliacha limepinda eti tofauti ni ndogo. Likishakaa unaweka shafti za magurudumu na lile bomba linaloitwa De Dion, ambalo linaunganisha magurudumu ya nyuma huku difu likiwa limefungwa kwenye chasisi, ndo maana magurudumu hayabebi uzito wa difu na yanafuata barabara vizuri. (Ile 170 haina hii, yenyewe ina ekseli nzima ya Suzuki, kazi yake ni rahisi zaidi.)

Ekzosi inapita kwenye lile tundu la ubavuni bomba moja moja, zinakutana nje. Shikiza zote kwanza ndo ukaze, ukikaza ya kwanza ya nne haitaingia. Rejeta, hosi, betri, taa za mbele, haya yanaenda haraka na ndo muda gari linaanza kuonekana gari, utafurahi, watoto watataka kukaa ndani.

Breki unatoa upepo kama gari lingine lolote, unaanza na gurudumu lililo mbali na pampu, mtu mmoja anakanyaga mwingine anafungua nipo (kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye gurudumu), oili ya DOT 4 mpya iliyofunguliwa siku hiyo, na usiache chupa ya juu ikauka. Ukimaliza kanyaga kwa nguvu na ushikilie huku mwenzako anapita na tochi kwenye kila kiungo. Gari hili halina ABS (ya kuzuia magurudumu yasifunge) wala sevo (ya kuongeza nguvu ya mguu), mguu wako ndo breki, kwa hiyo pedeli ikiwa na ulaini hata kidogo rudia yote.

Kuwasha mara ya kwanza usiwe na papara. Jaza oili ya injini, ya gia boksi na ya difu, jaza kulanti huku pua ya gari imenyanyuliwa ili upepo upate pa kutokea. Toa plagi zote, zima mafuta, halafu piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya presha ya oili inyanyuke. Ikishanyanyuka ndo unarudisha plagi na kuwasha. Iache inguruma, angalia chini kama kuna kinachovuja, subiri mpaka feni iwake na izime yenyewe, hapo ujue mzunguko wa maji uko sawa.

Baki na madigadi, kioo cha mbele, viti na mikanda. Madigadi ya nyuma yanabanwa na bolti nyingi ndogo na kuna mpira mwembamba unaokaa katikati, weka wote kwanza ukiwa mlegevu, nyoosha kwa jicho, kaza kidogo kidogo ukizunguka.

Likiisha kwako halijaisha kwa serikali. Kwanza lipeleke likaguliwe na kiwanda au wakala wao, wanapima alaimenti, wanapita kwenye kila bolti na kukupa orodha ya kurekebisha. Lipia huduma hii hata kama unajiamini. Halafu unaomba mtihani wa IVA kwa DVSA (wakala wa serikali wa ukaguzi wa magari), ambao ni ukaguzi wa gari moja moja, na pale wanaangalia breki, moshi, taa, saidi mira, kelele zisizidi desibeli 99, na kitu kinachoangusha wengi: ncha kali. Sehemu ya nje inayoweza kumgusa mtu lazima mviringo wake usiwe chini ya milimita 2.5, kwa hiyo zile kofia za plastiki za bolti na mipira ya kufunika kingo zinazokuja kwenye maboksi usizitupe, funga zote. Lipeleke kwa trela. Ukifaulu unapeleka makaratasi DVLA (wanaosajili magari), fomu V55/4 na V627/1 pamoja na risiti na cheti cha IVA, na kama vipande vyote ni vipya unapata namba ya gari jipya. Tunza kila risiti tangu siku ya kwanza kwenye faili moja. Bima unaweza kuanza kuulizia mapema kwa namba ya chasisi.

Ukishapata namba, upepo wa tairi weka kama 18 mpaka 20 psi zikiwa baridi, sio 32 kama gari la kawaida, maana uzito haupo wa kuzikandamiza na ukijaza sana gari litaruka ruka na kuteleza. Maili mia kadhaa za kwanza usiikamue injini, badilisha oili mapema kama kitabu kinavyosema, kisha lirudishe kwenye stendi upite tena na toki renchi kwenye kila alama ya rangi. Alama iliyohama inamaanisha nati imelegea. Mvua ikinyesha punguza mwendo kuliko unavyodhani inatosha, hakuna kompyuta ya kukushika, na tairi zile laini za kwenye viwanja vya mbio zinashika vibaya zikiwa baridi na barabara imelowa. Na ukitaka kuanza kuongeza vitu, spika, sijui hita kubwa, pima kilo zake kwanza kabla hujatoboa tundu lolote kwenye ile alumini.