Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujafungua Amplifaya ya Gari Lako

Kwanza hakikisha mbovu ni amplifaya yenyewe. Chukua mita, pima hapo hapo inapoingilia umeme: kati ya chanya na hasi upate volti 12 na kidogo injini ikiwa imezimwa, karibu 14 ikiwa inanguruma. Halafu pima waya wa rimoti, ule mwembamba unaotoka kwenye redio kuja kuiamsha amplifaya. Nao usome 12 hivi redio ikiwashwa. Ukikuta hauna umeme, weka bisibisi chini, shida iko kwenye redio au njiani. Angalia na ethi, yaani waya wa hasi unaobanwa kwenye bati la gari. Nimeshaona amplifaya nzima kabisa zinafunguliwa bure hapa Arusha kwa sababu tu aliyezifunga alibana ethi juu ya rangi ya bodi. Kwaruza mpaka chuma king'ae, kaza upya, kisha ndiyo useme.

Kama inawaka taa nyekundu ya ulinzi, chomoa spika zote na nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, uwashe tena. Taa ikizimika, tafuta spika iliyoungua au waya uliobanwa mlangoni. Spika ya omu 4 husoma 3 na pointi kwenye mita; ikisoma sifuri, imepiga shoti.

Sasa umejiridhisha kwamba ubovu uko ndani. Toa terminali ya hasi ya betri kabla ya kitu kingine chochote. Vua pete na saa ya chuma. Piga picha za nyaya zote kwa simu. Andaa pasi ya kulehemu, risasi safi, pampu ya kunyonyea risasi, krimu nyeupe ya kupozea na karatasi mpya za mika, zile za kuzuia umeme. Na balbu moja ya indiketa ya wati 21, ambayo nitaieleza.

Ukishafungua, usikimbilie kushika. Amplifaya inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha. Nyingi zina volti kama 30 upande wa chanya na 30 upande wa hasi, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Zimalize chaji kwa rezista, si kwa kugusisha bisibisi.

Transista, vile vipande vyeusi vya miguu mitatu, ndizo hufa mara nyingi, hasa zile za upande wa umeme kama IRFZ44N na IRF3205. Pima kila moja. Ukikuta moja imekufa kwenye safu, badilisha safu nzima pamoja na rezista ndogo za kwenye mguu wa geti, ule unaoiamrisha transista, kwa sababu zilizobaki zimeshateswa. Bandia ni nyingi sokoni, zimeandikwa namba ile ile juu na ndani hamna nguvu. Nunua kwa muuzaji ambaye ukirudi na malalamiko utamkuta.

Hapa kwenye mika naomba unisikilize vizuri. Kila transista imefungwa kwenye bodi ya alumini ili ipoe, na kati yake na alumini kuna kakaratasi kembamba kanakopitisha joto na kuzuia umeme. Mgongo wa chuma wa transista una umeme. Mdogo wangu anaendesha Noah ya abiria, na amplifaya yake ilipokufa aliitengeneza mwenyewe nyumbani, Ngarenaro. Alibadilisha transista vizuri, akalehemu kwa usafi, ila mika alirudisha zile zile za zamani, na moja ilikuwa imechanika kwenye kona. Akaijaribu mezani kwa betri, ikapiga muziki safi. Akafurahi, akaenda kuifunga nyuma ya siti kwa skrubu. Kuunganisha tu, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, ikakatika. Mezani ilikuwa nzima, garini imekufa. Kwa nini? Mezani bodi ya amplifaya ilikuwa haigusi chochote. Ilipofungwa kwenye bati la gari, bodi ikawa ethi, na umeme wa betri ukapita kwenye trafo ya kupandishia volti, ukatoka mgongoni mwa transista kupitia ule mchaniko, moja kwa moja mpaka kwenye ethi. Haikuhitaji hata kuwashwa.

Naye, badala ya kujiuliza, akafunga waya wa shaba mahali pa fyuzi. Na aliyemfungia muziki mwanzoni hakuwa ameweka fyuzi karibu na betri. Waya mkubwa ukapata moto chini ya kapeti kutoka mbele mpaka nyuma, plastiki ikaanza kuyeyuka, moshi ukajaa. Kilichookoa gari ni mwenzake aliyekuwa na spana mkononi, akawahi kutoa terminali. Ingekuwa barabarani na abiria ndani, sitaki hata kuwaza.

Kwa hiyo, kabla hujafunika amplifaya, weka mita kwenye alama ya mlio, ile inayolia umeme ukiwa na njia, ncha moja kwenye alumini, nyingine kwenye mgongo wa kila transista, moja moja. Ikilia hata mara moja, fungua, badilisha mika. Kisha usiunganishe betri moja kwa moja. Pitisha waya wa chanya kwenye ile balbu ya indiketa, na waya mwingine utoke hasi ya betri uguse bodi ya alumini, ili iwe kama imeshafungwa garini. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imekuokolea transista zako. Hiyo ni ya kupimia tu, muziki usipige kupitia hapo.

Kabla ya kuunganisha sabufa nzuri, pima volti za DC, yaani umeme wa aina ya betri, kwenye matokeo ya spika bila spika. Zinatakiwa kuwa karibu na sifuri. Ukikuta volti kadhaa, koili ya sabufa itaungua. Jaribu kwanza na spika usiyoijali.

Fyuzi kubwa iwe karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, na ya kwenye amplifaya iwe ya ampea zile zile zilizoandikwa. Waya ukipita kwenye tundu la bati, uvishe mpira. Vumbi la kwetu linaziba mapezi ya kupozea, lipulize ukiwa umeshafungua. Usilehemu chumba kikiwa kimefungwa, watoto wasiwe karibu, na risasi ina sumu, nawa mikono kabla hujagusa chakula.