Somo: kufufua Peugeot 504 stesheni wagoni iliyoliwa na kutu mpaka iwe gari ya kila siku

Wadau salaam. Naona wengi mnaulizia zile 504 ndefu, zile zilizokuwa zikibeba abiria Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu enzi zile kabla ya matatu za Nissan kujaa barabarani. Bado ziko, nyingi zimeegeshwa nyuma ya nyumba za wazee, kuku wanatagia ndani, na bei yake si mbaya ukijua kuongea vizuri na mwenyewe. Huku Pwani shida yake ni moja tu, kutu.

Somo hili ni la mtu anayetaka gari ya kwenda kazini na sokoni, ya maonyesho hapana. Utaratibu wangu ni kinyume na wa makanika wengi: chini ya gari kwanza, injini baadaye, rangi mwisho kabisa. Injini hata ikifa utapata nyingine ukizunguka Kirinyaga Road, lakini sakafu iliyooza haiuzwi popote, hiyo utakata bati na kukunja mwenyewe.

HATUA YA 1: Kukagua kabla hujatoa pesa
Beba bisibisi ya zamani, nyundo ndogo na sumaku, hata ile ya spika iliyokufa inatosha. Sumaku isiponata ujue hapo umeuziwa puti, ule udongo wa kuzibia bodi. Ng'oa kapeti, lala chini, gonga polepole: bati zima linalia ting ting, lililooza linatoa sauti ya pwa na unga mwekundu unakuangukia usoni. Angalia vizingiti chini ya milango, pale jeki inapokaa, sakafu ya dereva, upinde wa tairi za nyuma, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, pembe za chini za kioo cha mbele. Na muhimu kuliko zote fungua boneti uangalie pale shokomzoba za mbele zinapofungwa kule juu, maana uzito wote wa mbele umekaa hapo. Hapo pakiwa pamepasuka pande zote mbili mwachie mzee gari yake, na chai umnywee tu.

Jambo jingine, usinunue 504 saluni (ile fupi yenye buti) mbovu ya kukatia sakafu ukidhani itaingia yote. Stesheni wagoni toka ekseli hadi ekseli ni sentimita 290, saluni ni 274, na nyuma sisi tuna ekseli nzima na springi nne za koili, mbili kila upande. Vitu vya mbele ndio vinabadilishana vizuri.

HATUA YA 2: Kutafuta maji yalikoingilia
Hapa watu wanaruka halafu baada ya masika mawili wanalia. Mwambie mtu amwage maji juu ya kioo cha mbele taratibu wewe ukiwa ndani na tochi. Ukiona tone linateremka nyuma ya dashibodi, raba ya kioo imekauka, kioo kitoke, kutu ya chini yake isafishwe, raba mpya iingie. Milango nayo ina vitundu vya kutolea maji kwa chini, vimezibwa na vumbi na rangi za miaka, vizibue kwa waya.

HATUA YA 3: Kukata na kuchomelea
Betri toa, waya za alteneta toa, tanki la mafuta teremsha uliweke mbali kabisa. Zile shiti za lami zilizogandishwa sakafuni zibandue kwanza kwa sababu zinashika moto upesi, na ndoo ya maji na ya mchanga iwe karibu.

Kutu inakatwa, haifunikwi. Fundi akikwambia atapiga bati juu ya bati mwambie asante uende kwa mwingine, maana katikati ya hayo mabati mawili maji yatakaa na kazi itaanza upya ukiwa ndani ya gari. Kata mpaka uone chuma cheupe. Bati la geji 18 linafaa vizingiti na sakafu, geji 20 kwa sehemu za kuonekana. Kizingiti kata upande mmoja umalize ndio uende wa pili, gari ikiwa imekaa kwenye stendi chini ya ekseli na si kwenye jeki, na chomelea chuma cha kushikilia fremu ya mlango kabla ya kukata, la sivyo gari itajikunja katikati na mlango hautafunga tena maisha yako yote. Welding ya gesi ya CO2 ndio nzuri. Ya stiki kubwa inatoboa bati jembamba, fundi anaongeza stiki kuziba tundu, tundu linakua. Apige vidoti vidoti akiruka huku na huku, asivute mstari mrefu, joto linapinda bati.

HATUA YA 4: Kukinga
Brashi ya waya, msasa, kisha dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, inageuza kutu iliyobaki kuwa nyeusi. Ioshe dawa iliyobaki, kausha juani, praima ya epoksi siku hiyohiyo, usilaze chuma kitupu usiku na huu upepo wa bahari. Puti ikae juu ya praima na si juu ya chuma, kwa sababu puti inafyonza unyevu. Halafu silanti (gundi ya kuzibia) kwenye maungio, anda koti (rangi nzito ya kukinga) chini, na ndani ya vizingiti pulizia nta au grisi nyepesi kupitia vitundu. Vitundu vya kutoa maji viache wazi tafadhali.

HATUA YA 5: Breki na upozaji, ndio injini
Mabomba ya breki ya chuma yakiwa na kutu badilisha yote, weka ya shaba yenye nikeli. Mbele kuna diski, nyuma ngoma, silinda za nyuma huwa zimekwama.

Injini ya petroli ina bloku ya chuma, kichwa cha alminiamu na silivu (mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka) zinazozungukwa na maji, kwa hiyo kuweka maji ya kisima cha chumvi ni kuiua polepole. Tumia kulanti, yale maji maalum ya kupozea injini. Rejeta ikaoshwe, na kichwa kikifunguliwa usizungushe krenki kabla hujabana silivu kwa bolti na washa, zikinyanyuka hata kidogo sili za chini zinaachia na maji yanaingia kwenye oili.

Kabureta, plagi, waya za ethi, hayo makanika yeyote wa jua kali atakumalizia. Rangi ni ya mwisho, hata ukipaka moja ya kawaida haidhuru.

MASWALI

Binti wa Likoni: Kaka, baba anasema tupulizie oili chafu chini yote, ndio dawa ya zamani. Kweli?
Jibu: Shikamoo yangu mfikishie mzee. Oili chafu inasaidia kiasi lakini inavimbisha bushi za raba na inadondoka kibarazani. Kwa kuwa mnavuka feri kila siku, bora mwoshe chini kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, chumvi isikae.

Mkuu wa Tanga: Mkuu, nataka niweke injini ya Toyota humo, spea rahisi. Unaonaje?
Jibu: Inawezekana mkuu, ila jua kwamba shafti ya 504 iko ndani ya bomba lililofungwa kuanzia gia boksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma), na hilo bomba ndilo linalosaidia kushikilia ekseli ya nyuma. Ukibadilisha gia boksi lazima ubuni vishikilio vipya vya ekseli, sasa hesabu gharama hiyo uone kama bado spea ni rahisi.

Dereva wa Voi: Buda pesa ngapi yote?
Jibu: Inategemea kutu, siwezi kukuandikia namba kabla sijaona chini. Gawanya bajeti yako, nusu iende bodi, na akiba ibaki pembeni kwa sababu ukishakata utakuta mengine.

Binti wa Likoni: Na kule juu kwa shokomzoba nimeona ufa mdogo upande wa kulia tu. Naweza kuendesha nikijichanga?
Jibu: Hapana dada, iegeshe. Hiyo sehemu ikiachia, usukani unakukataa ukiwa mwendoni. Anza na hapo, vizingiti vinaweza kungoja mwezi ujao.