Somo: Kupanga maji ya mvua kiwanjani bila kuikausha ardhi

Anayejenga Iringa mjini, kwenye miteremko inayoshukia Ruaha Ndogo, aghalabu huuliza jambo moja tu kuhusu mvua: maji yatatoka vipi uwanjani upesi? Kabla ya nyumba, sehemu kubwa ya mvua ya kiwanja hicho ilirudi hewani kupitia mimea na udongo, nyingine ilizama ikalisha chemchemi, na kiasi kidogo tu kilitiririka. Bati na zege huivuruga hesabu hiyo, na kwa kuwa mvua zetu huanza takriban Novemba na kukoma Aprili au Mei, maji yanayokimbilia mtaroni Februari ndiyo yanayokosekana Septemba kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi.

Hatua ya 1. Zunguka kiwanjani mvua ikinyesha, uchore maji yanakoingilia na yanakotokea. Ramani ya mchoraji haitakuonyesha maji ya jirani wa juu.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 hupokea takriban lita 2,000, na simtanki la lita 1,000 litafurika mvua ikiwa bado nusu.

Hatua ya 3. Chimba shimo la sentimita 50, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena na upime yanavyoshuka kwa saa. Ujazo wa kwanza usiuhesabu, maana udongo mkavu humdanganya mpimaji. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, shimo la kuzamisha maji halikufai.

Hatua ya 4. Gawanya maji. Ya paa yaende kwenye simtanki, na yanayozidi yaingie kwenye bustani iliyochimbwa ikawa chini ya uwanja kwa sentimita 15 hivi, mbali na msingi na choo, yenye mimea mingi. Hapa wengi hukosea kwa kutaka kuzamisha kila tone, ilhali zamani mimea ndiyo iliyokuwa ikichukua sehemu kubwa. Ukiiondoa, utakuwa umebadilisha mafuriko kuwa chepechepe. Mtaro ubaki kwa mvua kubwa tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Kiwanja changu kina mteremko mkali. Nichimbe shimo la kuzamisha?
Jibu: Usichimbe. Maji yanayozama huko huweza kulegeza udongo ukaporomoka, au kutokea ukutani kwa jirani wa chini. Tumia simtanki, na matuta ya kukinga mteremko yaliyopandwa majani.

Swali: Simtanki langu hujaa Desemba na hubaki hivyo hadi Mei. Kuna ubaya?
Jibu: Kwa akiba ya maji hakuna, ila kuanzia lilipojaa halijazuia tone lolote. Legeza koki lidondoshee bustanini polepole hadi libaki nusu kabla ya kila mvua, kisha uliache lijae kwa mvua za mwisho za Aprili.

Swali: Naweza kuelekeza mtaro kwenye korongo la nyuma ya nyumba?
Jibu: Korongo hilo litapanuka kuelekea kwako. Panga mawe mahali maji yanapoangukia, na kabla ya kuchimba uende ofisi ya mtaa pamoja na majirani wa chini.