Umeokoka jumapili, jumatatu mikono inatetemeka: namna ya kuacha pombe ukiwa na Yesu

Wapendwa, hii namwandikia mtu aliyeenda mbele jumapili, akaongozwa sala ya toba, akalia, watu wakapiga makofi na vigelegele, afu jumatatu saa kumi na moja alfajiri kaamka mikono inacheza yenyewe na akili yote iko kwenye kuzimua. Au naandika kwa mke wake, au mama yake, maana mara nyingi nyie ndo mnaosoma haya mambo, mwenyewe kalala.

Mi nimekunywa miaka kumi na nne. Nimeokoka mara tatu, ndio tatu, usicheke. Nilianza na viroba, zile pombe kali za kwenye pakiti ndogo za plastiki, kama wengi wa rika langu, serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nikasema asante Mungu sasa ndo nimeacha, wiki hiyohiyo nikahamia chupa ndogo na zilipokuwa ghali nikahamia gongo. Sasa hivi naenda mwaka wa sita sijagusa. Sio mchungaji wala daktari, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi, kwa hiyo chukua haya kama ya mtu aliyepita njia hiyo na kujikwaa sana.

Kabla hujamwaga chupa chooni, jiulize: ukikaa nusu siku bila kunywa unatetemeka? Unatoka jasho, unatapika, huwezi kushika kikombe cha chai mpaka uzimue kwanza? Kama jibu ni ndio, usiache ghafla peke yako nyumbani. Nenda hospitali uwaambie ukweli wa kiasi unachokunywa, sio kile kiasi tunachowaambiaga wake zetu. Pombe ni moja ya vitu vichache ambavyo mwili ukishavizoea sana kuvikata ghafla kunaweza kukuua, unaweza kupata degedege siku ya kwanza au ya pili, na siku ya pili mpaka ya nne hivi ndo kunakuja kuweweseka.

Mimi mara ya kwanza sikujua. Niliombewa jumapili, chupa zikamwagwa, shangwe. Jumanne usiku nikaanza kuona siafu wanapanda ukutani, wengi, wanaingia kwenye neti, nikawa nawafukuza na kandambili huku napiga kelele. Wamama wa maombi wakaitwa, wakaanza kukemea, na mi kadiri wanavyokemea ndo nazidi kuchanganyikiwa maana nilikuwa naona midomo tu mikubwa. Kilichoniokoa ni dada mmoja wa kwaya ambaye ni nesi, alinishika mkono, akapima mapigo, akawaambia wenzake kwa upole kabisa, "Mama zangu, tutaombea ndani ya bajaji, twendeni." Wakaomba njia nzima. Hospitali nikachomwa sindano ya kutuliza, nikawekewa dripu na vitamini, nikalala siku mbili. Yule nesi hakuwapinga wale wamama hata kidogo, na wao hawakumpinga, na hiyo ndo picha ninayoibeba mpaka leo mtu akiniuliza kati ya maombi na dawa kipi kianze. Sibishi kwamba mapepo yapo. Ila mtu anayeona siafu siku ya tatu baada ya kuacha pombe, mpeleke hospitali ukiwa unakemea.

Ukiona hospitali ni kukosa imani, soma ile habari ya Eliya kwenye Wafalme wa kwanza sura ya 19. Kakata tamaa, kakaa chini ya mti anaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri, alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maneno yalikuja baadaye kabisa mlimani. Kwa hiyo wiki yako ya kwanza ibada yako ni uji, maji mengi, supu, na usingizi. Sura nne za Biblia kwa siku usijilazimishe, hutaelewa kitu, na utajiona mwenye dhambi bure.

Kwa wenye unga, yaani heroini, nasema kidogo tu, maana sio njia yangu ila rafiki yangu mmoja ni njia yake. Arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga, inauma vibaya sana, mifupa, tumbo, kutapika, ila hatari kubwa mara nyingi iko baadaye: mtu kakaa safi mwezi, mwili umeshasahau, anarudi kijiweni anatumia kipimo chake kilekile cha zamani, anakufa hapohapo. Methadoni, dawa ya kutuliza arosto, ipo na inatolewa bure, pale hospitali ya Muhimbili Dar walianza 2011 na sasa kuna vituo mikoa kadhaa, unakunywa kila siku mbele ya mhudumu. Kuna watu kanisani walimwambia rafiki yangu amebadilisha kilevi kwa kilevi, akataka kuacha. Mi nikamkumbusha Naamani, jemadari mzima, alivyokasirika kuambiwa akajichovye mara saba kwenye mto wa kawaida, Yordani, yeye alitaka nabii atoke nje apunge mkono mara moja yaishe. Jamaa akacheka, sasa kila asubuhi akienda kituoni ananitumia meseji, "naenda Yordani". Kama hujui pa kuanzia, Tanzania kuna namba ya bure 119 ya mamlaka ya dawa za kulevya, Kenya ni 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya mambo hayohayo.

Haya, mwili umetulia, sasa ndo kazi.

Tafuta mtu mmoja. Mmoja, sio kanisa zima. Yakobo 5:16 inasema tuungamane, haikusema tupande jukwaani. Awe wa jinsia yako, asiwe mropokaji, na ikiwezekana awe amewahi kunywa na akaacha. Hili la mwisho lina uzito kuliko unavyofikiri. Wale jamaa wa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) walianza hivo, 1935 kule Akron, Ohio, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, wote walikuwa wamepitia kikundi cha kikristo cha wakati ule, na kilichowashika ni mlevi kuongea na mlevi mwenzake basi. Vikundi vyao vipo Nairobi na Dar pia, ukiweza nenda, haviingiliani na jumapili yako. Kama huko kwenu hakuna, muulize mchungaji au katekista kwa siri, yeye anawajua, kila kanisa lina wazee wawili watatu ambao zamani walikuwa wanalala mtaroni na leo wanahesabu sadaka. Mimi wangu ni fundi seremala. Kazi yake ni kupokea simu yangu, hata saa nane usiku, na kuniambia "umekula?"

Na jamani, ushuhuda. Hapa nina hasira kidogo mnisamehe. Mara ya pili nilipookoka wiki ya pili tu nikapewa maiki. Nikaongea vizuri, watu wakalia, nikaitwa makanisa mengine mawili, nikawa staa wa kuacha pombe. Wiki ya tisa nikaanguka, na niliogopa sura za wale watu kuliko nilivyomwogopa Mungu, nikakimbia kanisa mwaka mzima na huo mwaka ndo nilikunywa kuliko yote. Kwa hiyo ukiitwa mbele kabla hujamaliza mwaka, sema hapana kwa heshima: mchungaji niombee, ushuhuda nitautoa mwakani. Atakuelewa, na asipoelewa bado ni hapana.

Kingine, pombe ina saa zake. Chunguza zako. Zangu zilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni nikitoka kazini, na tarehe za mshahara. Watu wanakwambia amka alfajiri uombe, sawa, ni vizuri, lakini alfajiri mimi sikuwa na kiu, nilikuwa naomba kwa ufasaha kabisa afu jioni naanguka. Hamisha sala yako kuu iende kwenye saa ya kiu. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani nageuza ndoo uani nakaa juu yake, nafua soksi, kweli soksi, ili mikono iwe na kazi, na nasoma zaburi kwa sauti kutoka kwenye simu iliyoegeshwa kwenye tofali. Zaburi ya 130 ilinifaa sana maana inaanzia shimoni kabisa. Sala yangu ilikuwa fupi, Bwana hii saa moja tu, sikuthubutu kumwahidi maisha. Kiu yenyewe ukiivumilia mara nyingi ni dakika ishirini au nusu saa inapita, inarudi tena ila inapita tena, na kujua kwamba inapita ilinisaidia kuliko mahubiri mengi. Kula pia, njaa na kiu ya pombe zinafanana mno mwanzoni, weka ndizi mbivu au karanga mfukoni.

Badilisha kituo cha daladala. Sitanii. Mimi kituo changu kilikuwa kinatazamana na baa ya nyama choma, nikawa nashuka kituo cha mbele narudi kwa mguu dakika kumi na mbili. Mshahara uliingia kwenye simu ya mke wangu miezi nane, mi naombaga nauli kama mtoto wa shule, aibu ilikuwepo ila ilikuwa aibu ya bei rahisi. Namba za washikaji wa mitungi futa, watakaokupenda kweli watakutafuta mchana. Ijumaa usiku kama kanisa lenu lina mkesha nenda hata usinzie kwenye benchi, cha muhimu saa nane za usiku umezikuta mahali penye taa na watu waliolewa mambo mengine.

Meza ya Bwana wengi wanaona aibu kuuliza. Uliza. Ukiwa Mlutheri au Mwanglikana na kikombe chenu kina divai halisi, ongea na mchungaji mapema, upokee mkate tu au upewe juisi ya zabibu, hujapungukiwa kitu. Mkatoliki anayepokea hostia peke yake amepokea kamili, kanisa lenyewe linafundisha hivo. Mimi harufu tu ya divai wiki ya tano ilinifanya nitoke nje nikashike ukuta.

Ila mtego mkubwa kuliko wote kwa huku kwetu ni vikao vya harusi. Vinafanyika baa! Hata harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa, kikao baa. Tuma mchango kwenye simu, mwombe mwenyekiti udhuru, mwaka wa kwanza usiende kabisa. Siku ya sherehe nenda na mke, kaa naye, shika soda yako wewe mwenyewe tangu inafunguliwa, na mkishapeana mikono na maharusi ondokeni. Shemeji atasema umekuwa mlokole. Mwambie ndio.

Ukianguka, na wengine tunaanguka, hesabu ya muhimu ni masaa. Jana usiku umekunywa, leo kabla ya mchana umempigia mtu wako. Usisubiri jumapili, usisubiri uwe msafi kwanza. Yule kijana wa Luka 15 alirudi bado ananuka nguruwe, na baba alimwona akiwa bado mbali akakimbia yeye. Mara ya tatu mimi nilianguka siku moja tu, nikampigia fundi saa nne asubuhi ulimi bado mzito, akaja na chapati mbili, hakusema neno la Mungu hata moja siku hiyo.

Kwa mke na mama: msimfungie ndani, msimwekee zile dawa za kuachisha pombe kwenye mboga bila kujua kwake, ni hatari na akigundua hatakuamini tena. Na msimlipie madeni ya baa. Nyie pia tafuteni wa kuongea naye, mmechoka, inaonekana usoni.

Amani sasa, maana wengi wanaisubiri ije kama umeme. Kwangu ilikuja kwa vijisehemu. Mwezi wa tatu ndo nililala usiku mzima. Mwezi wa tano mtoto wangu wa kike aliacha kunusa nikimwinamia, nilikuwa sijui kama alikuwa ananusa. Na kubwa ilikuja nilipoanza kulipa, ile ya Zakayo, maana yeye alipokea wokovu akaanza kutaja hela hapohapo. Nilinunua daftari nikaandika wote ninaotakiwa kuwaomba msamaha na wote wanaonidai hela, majina kumi na saba. Mama ntilie wa karibu na stoo alikuwa ananidai elfu ishirini na tatu, wali wa zaidi ya mwaka, nilikuwa napita uchochoro wa nyuma nisimwone. Nikaenda nikamwambia sina yote, nitaleta elfu mbili kila ijumaa. Hakunijibu, aliendelea kuchambua mchele. Nikaleta ijumaa ya kwanza, ya pili, akawa anapokea haniangalii. Ijumaa ya kumi na mbili nikaleta elfu moja ya mwisho. Akafuta mkono kwenye kanga, akatoa daftari lake chini ya meza, limejaa mafuta, akalitafuta jina langu kwa kidole, akalikata kwa peni mistari miwili. Afu akaniuliza leo nakula maharage au mchicha.