Unahamia kaskazini ya Norwei na watoto? Usiwafungie ndani

Kuna dada jirani yangu hapa Tabata, mume wake kapata kazi Tromsø na wanaondoka na watoto wawili mwezi wa kumi, sasa kila anayemshauri anamwambia watoto wasitoke nje watakufa na baridi. Mimi nimelea wanangu kulekule miaka sita na nasema hapana kabisa, mtoto wa kule anakulia nje. Chekechea wanatolewa kila siku, iwe theluji iwe mvua, na vichanga wanalazwa nje kwenye vigari vyao wamefunikwa vizuri na wanalala fofofo (mama yangu nilivyomtumia picha alinipigia simu usiku huohuo analia, mpaka nilivyomwonyesha kwa video jinsi mtoto alivyo wa moto kifuani). Ukimweka wako ndani hata lugha itachelewa, maana watoto wanafundishana lugha kwenye mchezo.

Kwahiyo maandalizi anza hapahapa Dar. Chukua soksi ya pamba na soksi ya sufu, zilowanishe, zikamue, mvalishe mtoto moja kila mguu alafu akae mbele ya feni. Baada ya dakika chache mwenyewe atakwambia mguu wa pamba ndo unauma. Somo lote liko hapo, kwasababu Tromsø iko pwani na maji ya bahari yanaipunguzia ukali, mara nyingi inacheza karibu na sifuri, theluji inayeyuka inakuwa tope na mtoto analowa, na mtoto aliyelowa kwenye sifuri anateseka kuliko mkavu kwenye kumi chini ya sifuri. Bara ndani huko ndo kuna baridi yenyewe, Karasjok waliwahi kupima nyuzi 51.4 chini ya sifuri mwaka 1886, wakati friza yako ya nyumbani ni kama 18 tu.

Nguo nenda soko la mitumba la Karume asubuhi mapema mabelo yanapofunguliwa, makoti mazito na masweta bei ni ya chini, nani atayavaa kwenye joto hili. Usidanganywe na unene, soma lebo. Unatafuta "wool" au "merino", na zilizotoka Norwei zimeandikwa "ull". Vesti za pamba na jinzi acha, mimi mwaka wa kwanza niliwavalisha wanangu jinzi na mpaka leo roho inaniuma nikikumbuka walivyorudi wanatetemeka.

Kuvalisha ni hivi: sufu inagusa ngozi, juu yake sweta jingine la sufu au flisi (kile kitambaa chepesi chenye manyoya), alafu ovaroli lisilopitisha maji wala upepo. Mikononi zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, vinapashana joto, na peleka pea mbili au tatu shule kila siku maana moja italowa kabla ya saa nne. Buti liwe na nafasi vidole vicheze, ukimbana na soksi mbili nene damu haipiti na mguu unaganda haraka zaidi. Usoni paka mafuta mazito, losheni ya majimaji acha. Kujua kama ana baridi usishike vidole, pitisha mkono shingoni kwa nyuma.

Ukiona shavu au pua imepauka na hasikii ukimgusa, weka kiganja chako cha moto hapo na muingie ndani. Usisugue, na usimsogeze kwenye moto, ngozi imekufa ganzi itaungua hasikii. Kulamba chuma cha nje mkataze mapema, ulimi unagandia hapohapo, na wote wanajaribu. Ziwa lililoganda hakanyagi mpaka wenyeji wapime, wanataka barafu ngumu ya angalau sentimita 10.

Giza ndo watu wanaliogopa zaidi, na kweli kuanzia tarehe 27 Novemba hivi mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Ila mchana kuna mwanga wa bluu masaa machache, mtoe saa hizo bila kukosa, koti liwe na vibandiko vinavyong'aa ili madereva wamwone, na vitamini D kila siku, wenyewe wanakunywa mafuta ya ini la samaki kwa kijiko. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaihitaji zaidi, muulize nesi wa kliniki kiasi.

Alafu inakuja raha. Kule kuna sheria tangu 1957 inayomruhusu kila mtu kutembea porini hata kama ardhi ina mwenyewe, kwahiyo mwezi wa nane beba ndoo wakachume matunda mwitu mpaka midomo iwe ya zambarau. Mbu wapo wengi kweli, ila malaria hakuna. Na pazia zito nunua mapema, kuanzia karibu 20 Mei mpaka 22 Julai jua halizami na mtoto wa Dar hawezi kuelewa kwanini anaambiwa akalale wakati wenzake bado wanacheza mpira nje saa nne usiku.